Rangi ya injini ya trekta la zamani inapoharibika: soma dalili kabla ya kununua mkebe mwingine

Trekta la zamani likifufuliwa hapa Nakuru, boneti na madgadi ndivyo vinavyopata heshima yote. Injini hupakwa mwisho, kwa rangi iliyobaki. Trekta linatoka gereji linang'aa, linarudi Njoro au Mau Narok kulima shamba la ngano, na kabla msimu haujaisha bloki imeanza kumenyeka, manifoldi imegeuka majivu, na chini ya pampu ya dizeli pananata. Mwenye trekta analaumu mkebe na kwenda kununua wa bei ghali zaidi. Ule wa ghali nao unabanduka.

Mara nyingi mkebe hauna hatia. Injini moja ina sehemu zinazopambana na maadui tofauti: pengine joto, pengine dizeli, pengine maji na kutu. Rangi inayofaa sehemu moja huungua au kuyeyuka sehemu nyingine. Kwa hiyo usikimbilie dukani. Okota kipande kilichobanduka, kigeuze, utazame mgongo wake. Habari nyingi unazohitaji ziko hapo.

Kwanza, joto liko wapi

Wengi hudhani bloki ya injini ni moto kama jiko, kwa hiyo wananunua rangi ya nyuzi 600 na kuipaka kila mahali. Hapo fedha zinapotea. Bloki inapozwa na maji, na maji hayo hukaa kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi za selsiasi injini ikiwa na afya. Molo, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,500, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye karibu nyuzi 92. Ngozi ya nje ya bloki kwa hiyo haiendi mbali na joto hilo. Silinda hedi huzidi kidogo, hasa upande wa ekzosi. Manifoldi ya ekzosi ni dunia nyingine kabisa: gesi inayotoka kwenye injini ya dizeli iliyobeba mzigo mzito huweza kufika nyuzi 500 au zaidi, na chuma chake huifuata.

Sasa tazama mikebe. Rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya milango na mageti, huanza kugeuka manjano na kukauka kupita kiasi inapokaa kwenye nyuzi 90 hadi 120. Rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya injini huandikwa kati ya nyuzi 150 na 260, na hiyo inatosha bloki, hedi, sampu na kifuniko cha valvu. Rangi ya silikoni ya joto kali, nyuzi 600 na zaidi, ni ya manifoldi na bomba la moshi peke yake. Ukiipaka kwenye bloki haitapata joto la kuiivisha, itabaki laini, na dizeli itaiosha. Ndiyo maana mtu anaweza kununua rangi ya bei kubwa kuliko zote dukani na bado aone bloki yake imebaki chuma kitupu.

Inabanduka vipande vikubwa

Geuza kipande. Mgongo ukiwa msafi, laini, pengine na mng'ao wa mafuta, na chuma ulichoachiwa ni cheusi bila kutu, basi rangi haikuwahi kushika. Ilikaa juu ya mafuta. Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote ninayoyaona, na chanzo chake ni namna tunavyoosha injini. Fundi anachukua mafuta taa au dizeli na brashi, anasugua matope na grisi mpaka injini inaonekana safi, anapangusa kwa kitambaa, anapaka. Mafuta taa yametoa grisi, kweli, lakini nayo yameacha utando wake. Petroli ni mbaya zaidi, maana pamoja na utando kuna hatari ya moto.

Tumia mafuta taa kwa hatua ya kwanza tu. Baada ya hapo osha kwa maji ya moto na sabuni kali, suuza vizuri, kausha, kisha pangusa kwa thina ukitumia vitambaa viwili: kimoja kimelowa, cha pili kikavu kinachofuata papo hapo kabla thina haijaruka. Thina ikiruka kabla ya kupanguswa, mafuta iliyoyayeyusha yanarudi kulala pale pale. Badilisha vitambaa mpaka cheupe kibaki cheupe. Magadi makali ya kusafishia mifereji yanatoa grisi vizuri sana kwenye chuma cha kuyeyushwa (cast iron, ndicho cha bloki), lakini yanakula alumini. Usiyaguse karibu na pampu ya dizeli au nyumba ya thamostati.

Kipimo cha bure ni maji. Nyunyiza maji safi juu ya bloki. Yakitandaa kama karatasi, pako tayari. Yakijikusanya matone, kuna mafuta bado, hata kama macho yako yanasema hakuna.

Kuna jambo moja la chuma cha kuyeyushwa ambalo mafundi wa bodi za magari hawalijui, kwa sababu wao hufanya kazi na bati. Chuma hiki kina vitundu vidogo, na injini iliyovuja kwa miaka 50 imevijaza mafuta. Unaosha, panakauka, unaona pasafi. Kisha joto linapanda na mafuta yanatoka jasho kutoka ndani. Kwa hiyo baada ya kuosha, pasha sehemu hiyo moto kwa bunduki ya hewa moto, au iache kwenye jua kali la mchana, upanguse tena kwa thina. Rudia mpaka isitoe kitu. Penye mafuta mengi kabisa ni chini ya kifuniko cha valvu na pembeni mwa sampu.

Mgongo wa kipande ukiwa na unga wa rangi ya hudhurungi, shida ni kutu iliyoachwa chini. Brashi ya waya huing'arisha kutu badala ya kuitoa. Endelea na msasa namba 80 kisha 180 mpaka uone kijivu cha chuma chenyewe. Na kama praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikilia, imebaki imeshika chuma huku rangi ya juu ndiyo imeondoka, basi praima iliachwa ikakauka siku nyingi mno bila kukwaruzwa, au rangi mbili hizo hazipatani. Kwaruza kwa msasa namba 320, pangusa, paka tena. Huna haja ya kurudi mpaka kwenye chuma.

Tahadhari mbili hapa. Rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na risasi, ile metali yenye sumu, kwa hiyo usisugue rangi ya kiwandani ikiwa kavu. Lowesha, tumia msasa wa maji, na watoto wakae mbali. Pili, usikubali mtu akupulizie mchanga kwenye injini iliyofungwa. Chembe chache zikipenya kwenye njia za oili, beringi za kranki zitasagika, na hakuna rangi itakayokurudishia gharama hiyo. Mchanga ni wa vipande vilivyofunguliwa na ambavyo unaweza kuviosha ndani na nje.

Manifoldi imegeuka majivu

Ikiwa rangi imeungua, ikawa nyeupe au ya kijivu na inatoka kama unga, ilikuwa rangi ya injini au ya mafuta. Hakuna la kutengeneza hapo. Toa yote ufike chumani.

Ikiwa ulinunua rangi ya joto kali na bado imemenyeka, uliza maswali mawili. Je, ulitanguliza praima? Praima ya kawaida, nyekundu au kijivu, huungua chini ya rangi ya joto, na rangi ya juu inabaki haina pa kushikilia. Nyingi za rangi hizi hupakwa moja kwa moja juu ya chuma kitupu kilichokwaruzwa, tabaka mbili nyembamba. Usitumie praima ya zinki pia. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 420. Swali la pili: je, iliivishwa? Rangi ya silikoni ikikauka hewani bado ni mbichi. Inahitaji joto la kupanda polepole. Soma mkebe wako kwanza, maana kila mtengenezaji ana masharti yake, lakini mwendo wa kawaida ni huu: iache usiku kucha, washa injini dakika kumi bila mzigo, zima ipoe kabisa, washa tena muda mrefu kidogo, ipoe, na baada ya hapo ndipo upeleke trekta kazini. Itatoa moshi na harufu mara ya kwanza, kwa hiyo fanyia nje. Ukiipaka leo na kesho trekta ukalifunga trela la miwa kwenda Chemelil au Muhoroni, viyeyusho vilivyonaswa chini vitachemka na kuinua malengelenge.

Kwa maoni yangu rangi ya fedha yenye unga wa alumini, au nyeusi isiyong'aa, ndizo zinazodumu kwenye manifoldi. Mwenye kutaka nyekundu pale ajue itafifia.

Inalainika na kunata karibu na pampu na nozeli

Bonyeza kwa ukucha. Ukizama, dizeli imeingia. Rangi ya NC (nitroselulosi), ambayo mafundi wengi wa Nakuru wanaipenda kwa sababu inakauka kwa dakika chache, ndiyo ya kwanza kushindwa hapa. Haiivi kikemikali, inakauka tu, kwa hiyo kiyeyusho chochote chenye nguvu huirudisha kwenye hali ya mwanzo. Rangi ya mafuta nayo hushindwa ikiwa haijamaliza wiki kadhaa.

Kinachofaa sehemu hizi ni rangi ya mikebe miwili, ile mafundi wanayoiita 2K, inayochanganywa na hadena, juu ya praima ya epoksi. Ikishaiva, dizeli hupita juu yake na kupanguswa. Ila hadena hiyo ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii kitu. Ukiipulizia kwa bunduki unahitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba kutoka nje. Kama gereji haina hiyo, na nyingi hazina, chagua rangi ya injini ya mkebe mmoja na uipe muda mrefu wa kukauka kabla dizeli haijaigusa. Mapafu ya kijana anayepulizia yana thamani kuliko mng'ao wa pampu.

Hata 2K haitibu uvujaji. Kwanza badilisha washa za shaba kwenye viungo vya mabomba ya dizeli na kaza nati za nozeli kwa kipimo sahihi. Paka rangi baada ya kuona pamekauka injini ikinguruma.

Mwili wa pampu na vifuniko vya alumini vinataka praima yao, ya kuuma (etch primer). Alumini hujifunika utando laini ambao praima nyekundu ya kawaida haiwezi kuushika.

Inakunjamana

Rangi inayopanda mikunjo mara tu tabaka la pili linapowekwa imeshambuliwa na kiyeyusho. Umepaka NC au 2K, yenye thina kali, juu ya rangi ya mafuta. Mpangilio wa kinyume huwa hauna shida. Sababu nyingine ni kurudia tabaka wakati wa katikati, la kwanza likiwa limekauka juu tu na chini bado bichi. Mikebe huandika dirisha la muda: rudia ndani ya saa moja, au subiri siku kadhaa. Kati ya hapo usiguse. Iliyokunjamana ngoja ikauke kabisa, kisha itoe yote. Ukiisugua ikiwa laini utajaza msasa na kukasirika bure.

Weupe kama maziwa, au vishimo vya duara

Weupe huo ni maji. Thina inapokimbia haraka hupoza uso wa chuma, na unyevu wa hewa unatua juu yake kama umande. Molo na Mau Narok asubuhi yenye ukungu, au Kisumu jioni hewa ya ziwa ikiwa nzito, ni mahali na wakati wa kuona jambo hili, na NC ndiyo inayoathirika zaidi. Chuma kizito cha bloki kinachelewa kupata joto. Saa tatu asubuhi hewa imeshapanda lakini bloki bado ina baridi ya usiku. Kiguse kwa mkono. Ukihisi baridi, subiri. Msimu wa mvua ndefu ni bora upake kati ya saa tano na saa tisa mchana, ukitumia thina inayokauka polepole. Kama weupe umeshatokea, nyunyizia thina ya polepole nyembamba sana jua likiwa limetoka. Mara nyingi mng'ao hurudi.

Vishimo vya duara vyenye kitovu ni jambo jingine. Ni silikoni au mafuta. Silikoni hutoka kwenye dawa za kung'arisha magari na matairi, na hata gasketi ya silikoni ya kukamua iliyobanwa ikatapakaa kando. Mafuta yanaweza kutoka kwenye kompresa yenyewe. Puliza hewa tupu kwenye kioo kisafi kwa dakika moja. Ukiona matone au utando, toa maji kwenye tangi la kompresa na ubadilishe kichujio kabla ya kulaumu mtu.

Kutu inachungulia

Madoa ya hudhurungi kwenye kona za vifuniko na vichwa vya bolti huja kwa sababu rangi hujivuta kutoka kwenye kona kali na kubaki nyembamba. Tanguliza kona zote kwa brashi ndogo, kisha pulizia nzima. Madoa yaliyoenea kote husema bloki ilioshwa na kuachwa. Chuma kitupu cha kuyeyushwa huanza kutu ndani ya saa chache hewa ikiwa na unyevu, kwa hiyo praima lazima iwekwe siku ile ile. Praima nyekundu peke yake hupitisha unyevu. Ukiiacha wiki nzima bila rangi ya juu kutu inaanza chini yake.

Malengelenge mahali pamoja tu

Hapa sahau rangi, sikiliza injini. Rangi nzima ni nzuri isipokuwa doa la kahawia kwenye hedi, karibu na tundu moja la ekzosi: gasketi ya manifoldi inapitisha moto. Mstari wa malengelenge kufuata kiungo cha hedi na bloki, pengine na chumvi nyeupe: maji yanapenya kwenye gasketi ya hedi. Hedi nzima imegeuka manjano kwa usawa: injini inachemka kupita kiasi. Angalia rejeta, na uulize kama nayo ilipakwa rangi nene. Rejeta hupewa ukungu mwembamba wa nyeusi isiyong'aa, si zaidi, kwa sababu tabaka nene huzuia joto kutoka.

Rangi imeshika, lakini si yenyewe

Massey Ferguson 35 linalopakwa jekundu kuanzia rejeta mpaka eksili ya nyuma ni jambo linalonisumbua kila ninapoliona. Nyekundu ni ya bati: boneti na madgadi. Injini na giaboksi zake ni za kijivu. Ferguson 35 za kwanza, zilizotoka 1956 kabla ya jina la Massey kuunganishwa kwenye boneti, zilikuwa na bati la kijivu na injini ya rangi ya dhahabu iliyokolea, na ukiipata moja usiifute kwa kijivu. Ferguson TE20 ya 1946 hadi 1956 ni kijivu kote. Fordson Major ni buluu hadi kwenye injini, na rimu zake ni za chungwa.

Kutafuta rangi ya kweli usitumie picha ya simu. Fungua dinamo, utazame nyuma ya kishikizo chake, au chini ya bamba la namba. Pale jua na dizeli havikufika. Peleka kipande hicho dukani wakulinganishie, na kumbuka kwamba nyekundu juu ya praima ya kijivu na nyekundu juu ya praima nyekundu hazifanani.

Injini ilikuwa nzuri, ikaharibika baada ya rangi

Stata inazunguka kwa uvivu: rangi imeingia kati ya stata na bloki, au chini ya waya wa ardhi wa betri. Fungua, kwaruza hadi chuma king'ae, funga. Taa ya chaji haizimi na maji yanapata moto: mfereji wa puli umepakwa na mkanda wa feni unateleza. Trekta linawaka vizuri kisha linakufa baada ya muda, na linawaka tena ukifungua kifuniko cha tangi: kitundu cha hewa kwenye kifuniko kimezibwa na rangi. Oili inaanza kutoka kwenye sili zilizokuwa kavu: pumuo la injini limezibwa, na shinikizo linatafuta njia nyingine.

Sehemu hizi zote zifunike kwa utepe wa karatasi kabla ya kupuliza, pamoja na bamba la namba na namba ya injini iliyogongwa kwenye bloki. Namba hiyo ikijaa tabaka tatu za rangi haisomeki, na fundi wa vipuri atakuuliza hiyo kwanza unapotaka ringi au beringi.